Sura ya Sita: Wiki Nne Zilizopita

Swali lenyewe ni fupi. Katika wiki nne zilizopita, mwanakaya huyu alikwenda kwa mtoa huduma yeyote wa afya? Kama alikwenda, alikwenda wapi, na alilipa shilingi ngapi? Mdadisi analisoma kwenye kishikwambi, mtu anajibu, kidole kinagusa kioo, na dodoso linarukia swali linalofuata. Utafiti wa taifa wa kufuatilia kaya, ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliuanza mwaka 2008, huuliza matibabu ya nje kwa mtindo huo wa wiki nne. Kulazwa huulizwa kwa miezi kumi na miwili. Majibu yakishajumlishwa ndipo tunapoambiwa kaya za Kitanzania hutoa kiasi gani mfukoni kwa ajili ya afya, na hesabu za namna hiyo ndizo hubebwa mezani pale bima inapojadiliwa.

Nina ugomvi na wiki nne hizo. Urefu wake haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba zinamtendea haki aliyevunjika mguu na kumdhulumu mwenye tumbo. Aliyevunjika mguu ana siku moja, hospitali moja, risiti moja na plasta ambayo kijiji kizima kiliiona. Mwenye tumbo la miaka kumi ana nini? Ana vidonge vinne alivyonunua juzi, nauli ya bodaboda ya wiki iliyopita, mzizi aliouchemsha bila kumwambia mtu, na siku mbili ambazo hakwenda shamba. Ukimuuliza alitumia kiasi gani kujitibu, atakujibu kwa uaminifu kabisa, na jibu lake litakuwa si sahihi.

Tulipeleke swali Mpapura. Ni kata ya Mtwara Vijijini, nchi ya mikorosho na mihogo. Kwa mujibu wa wizara, anayeumwa huko ana ngazi za kupanda: zahanati, kituo cha afya, kisha Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mtwara mjini; siku hizi ipo pia hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo. Juu kabisa ni Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa basi. Njia anayoipita mgonjwa mwenyewe ina vituo vingine kabisa. Kuna duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003 kabla ya kusambazwa kwingine. Kuna muuza mizizi gulioni. Kuna mganga. Kuna jirani aliyebakiza vidonge vya rangi mbili na hapendi kuvitupa.

Na ugonjwa wenyewe hauna jina moja. Mtu anayeendesha damu kwa miezi ataambiwa ana amiba. Akimaliza dozi na damu isikome, ataambiwa ni bawasiri. Tumbo likisokota, ni ngiri. Kwa mwanamke, ni chango. Na kila tumbo lililoshindikana huishia kuitwa vidonda vya tumbo. Katikati ya majina hayo kuna watu wenye magonjwa ya utumbo ambayo vitabu vya tiba vinayajua vizuri: uvimbe wa vidonda wa utumbo mpana, au ule ugonjwa ambao Burrill Crohn na wenzake wawili waliueleza huko New York mwaka 1932. Kuyatambua kunataka kamera iingizwe, kipande cha nyama kikatwe na kupelekwa maabara, na mtaalamu ajiulize kama anachokiona si kifua kikuu cha utumbo, maana hicho na ugonjwa wa Crohn hufanana mno. Kwa mtu wa Mpapura hayo yote yako mwisho wa safari ndefu. Kwa hiyo wengi wao hawana jina la kumpa mdadisi, na asiye na jina la ugonjwa huona hana ugonjwa wa kutaja.

Huko nyuma Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alizunguka na kuandikia hospitali nyingi za misheni akiuliza wanaona magonjwa gani. Majibu yalimwonyesha kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza ni adimu vijijini kwetu, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha katika jarida la Lancet hoja yao maarufu kuhusu vyakula vyenye nyuzinyuzi. Kwa sehemu kubwa huenda alikuwa sahihi. Ila daftari la hospitali humwona aliyefika tu, na humwona kwa jina ambalo vifaa vya hospitali hiyo vinaweza kulitoa. Ukubwa wa tatizo la tumbo vijijini hatukuwahi kuusoma kwenye vitabu vya hospitali, basi tukamgeukia mgonjwa mwenyewe atuambie.

Mgonjwa huyo tumbuni mmoja. Ni mama wa makamo, ana mikorosho michache aliyoachiwa na marehemu mumewe, na tumbo limekuwa naye tangu mwanawe wa mwisho akiwa darasa la tatu; sasa kijana huyo anaendesha bodaboda. Mdadisi ni binti wa chuo. Wameketi kwenye mkeka chini ya mwembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, jisikie nyumbani."

"Ahsante. Mama, katika wiki nne zilizopita, ulikwenda zahanati, hospitali au kwa mtu yeyote wa tiba?"

"Hapana. Mwezi huu namshukuru Mungu sijaumwa."

"Hujaumwa kabisa?"

"Tumbo tu."

Binti ana maswali mengine mengi na kaya nyingine kabla ya jua kuzama. Anabonyeza "Hapana". Dodoso linaruka sehemu yote ya gharama, na mama huyu anaingia kwenye takwimu za taifa akiwa mtu mzima asiyeugua, aliyetumia shilingi sifuri.

Sasa tuseme binti hana haraka. Anauliza: na hilo tumbo, mama, unalituliza kwa nini? Mama anacheka kidogo. Flagyl, anasema, kijana wake huzipitia pale dukani. Mara ngapi mwezi huu? Anafikiri. Mara mbili, hapana, na ile siku ya msiba, tatu. Dozi nzima? Nani ananunua dozi nzima, ni vidonge vinne vinne. Na bodaboda? Kijana ni wangu, hanidai. Lakini mafuta anaweka nani? Kimya, halafu: mimi. Kuna mzizi? Kuna mzizi. Kuna siku hukwenda shamba? Ile wiki ya kupalilia alimweka kibarua. Mwishoni mwa mazungumzo hayo sifuri imekuwa kiasi ambacho mama mwenyewe anakitazama kwa mashaka, kama vile amesomewa hesabu ya mtu mwingine.

Hakusema uongo hata kidogo. Na ukitaka kujua kwamba kumbukumbu yake ni nzima, muulize kuhusu Ligula. Hiyo ni miaka miwili iliyopita, nje kabisa ya wiki nne, na anaikumbuka yote: walivyoondoka kabla ya adhana ya alfajiri, kikopo cha kuwekea choo na aibu ya kukibeba mbele ya watu, foleni, muuguzi aliyemwita "mama yangu" kwa upole, fedha aliyoitoa kaunta na chenji aliyorudishiwa. Siku moja ya Ligula imehifadhiwa nzimanzima. Miaka kumi ya vidonge vinne vinne haimo.

Jambo hili limepimwa, tena kwenye utumbo wenyewe. Mwaka 1996 Donald Redelmeier, daktari wa Toronto, na mwanasaikolojia Daniel Kahneman walichapisha matokeo ya wagonjwa 154 waliochunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Kila baada ya sekunde 60 mgonjwa alitaja maumivu yake yamefika wapi, toka sifuri hadi kumi. Kuna aliyemaliza kwa dakika 4, kuna aliyekaa dakika 67. Baadaye waliulizwa: kwa jumla iliuma kiasi gani? Ungetarajia wa dakika 67 alalamike zaidi. Wapi. Urefu wa muda ulikuwa karibu hauna uzito wowote. Jibu lilifuata kilele cha maumivu na zile dakika tatu za mwisho. Kumbukumbu haikujumlisha. Ilichagua.

Watu husoma utafiti huo kama habari ya maumivu. Mimi nausoma kama habari ya fedha. Mgonjwa sugu anapoulizwa ametumia kiasi gani kwa mwaka, anaombwa kufanya jumla, na kujumlisha ndiko kumbukumbu isikokuweza. Inatoa kilele, inatoa cha mwisho, halafu adabu inamlazimu atoe namba. Namba hiyo huwa ya mviringo: elfu ishirini, elfu hamsini, laki.

Usahaulifu wenyewe una mwendo unaojulikana. Wamarekani waliupima, matokeo yakachapishwa katika miaka ya 1960, kwa namna rahisi sana: walichukua watu ambao rekodi za hospitali zilionyesha wamelazwa, wakaenda kuwauliza majumbani kama walilazwa katika mwaka uliopita. Kwa waliotoka hospitali ndani ya wiki kumi, ni takriban 3 tu kati ya 100 waliosahau kutaja. Kadiri wiki zilivyozidi, waliosahau waliongezeka polepole, mpaka wale waliokaribia kutimiza mwaka, ambapo waliokosekana walikuwa kama 42 kati ya 100. Na hapo tunazungumzia kulala kwenye kitanda cha hospitali. Sijui utamlaumuje mtu kwa kusahau vidonge vinne.

Kuna pia kosa la upande wa pili, ambalo huonekana zaidi kwa wenye matukio makubwa: kulivuta tukio la zamani liingie ndani ya kipindi kinachoulizwa. Mama wetu, akiulizwa kuhusu "mwaka huu", anaweza kabisa kuiingiza ile safari ya Ligula, kwa sababu bado ni mbichi kichwani. Ukijumlisha makosa haya mawili unapata picha ya ajabu: ugonjwa wake unaonekana umejaa hospitali na hauna duka. Wanaokadiria bajeti kwa picha hiyo wataongeza vitanda.

Ushahidi unaonitia hofu zaidi, hata hivyo, umetoka Delhi. Jishnu Das, Jeffrey Hammer na Carolina Sánchez-Paramo waliwafuatilia watu 1,621 wa jiji hilo kati ya 2000 na 2002, mara nyingine wakiwauliza kila wiki, mara nyingine kwa mwezi. Kuuliza kwa mwezi kulipunguza magonjwa yaliyotajwa, safari za kwa daktari na dawa za kujinunulia. Hilo lilitegemewa. Lisilotegemewa ni kwamba maskini ndio waliopungukiwa zaidi. Walipoulizwa kwa wiki, maskini walionekana wanakwenda kwa daktari zaidi kuliko matajiri; walipoulizwa kwa mwezi, mambo yakageuka, matajiri wakawa ndio wanaokwenda zaidi. Mji mmoja, watu walewale, na jibu la swali la kisera limepinduka kwa kubadilisha urefu wa kipindi tu. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwa maskini ugonjwa umekoma kuwa tukio. Umekuwa sehemu ya maisha. Mama wa Mpapura alilisema hilo kwa maneno mawili na hakuna aliyeyaandika.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: mbona wenzetu wa nchi tajiri huwategemea wagonjwa kwa maswali hayahaya na mambo yanakwenda? Ni kweli, wanawategemea. Huko Uholanzi, kwa mfano, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya gharama za wagonjwa 1,315 wa Crohn na 937 wa uvimbe wa vidonda wa utumbo mpana, kwa dodoso walilolijaza wenyewe mtandaoni. Ukitazama walichokikuta, utaona kwa nini kuwaamini ni rahisi. Kwa wagonjwa wa Crohn, asilimia 64 ya gharama yote ilikuwa kundi moja la dawa, zile za kibayolojia zinazozuia kemikali ya uvimbe mwilini. Kulazwa kulichukua asilimia 19. Dawa hizo ama hutundikwa dripu hospitalini kwa ratiba, ama ni sindano zinazotunzwa kwenye friji nyumbani. Mtu atasahauje? Na akisahau, kampuni ya bima ina kumbukumbu ya kila sindano, kwa hiyo jibu lake linaweza kuwekwa kando ya faili na kulinganishwa.

Ndiyo maana naona wanaojadili kama mgonjwa ni shahidi mwaminifu wanaanzia pasipo. Uaminifu wa jibu hautoki kichwani mwake peke yake. Unatoka kwenye umbo la gharama. Gharama iliyokaa mahali pamoja, yenye tarehe, jengo na karatasi, hukumbukwa na Mholanzi na Mmakonde sawasawa. Gharama iliyosagika ikawa mia tano na elfu moja moja humpotea yeyote. Ugonjwa uleule wa utumbo, kwa mgonjwa wa Uholanzi una umbo la kwanza, kwa mgonjwa wa Mpapura una umbo la pili. Kisha tunachukua dodoso lililofanya kazi vizuri kule, tunalitafsiri, na kulileta huku.

Basi tutazame rekodi zetu, pengine zitamsahihisha. Zahanati ina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa ambao umekuwa nasi tangu miaka ya 1990, na Kitabu Namba 5 ndicho cha wagonjwa wa nje. Humo utamkuta mama kama alikwenda: umri, kijiji, hudhurio jipya au la marudio, ugonjwa, dawa. Ni kitabu kizuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kuhesabu magonjwa na kuagiza dawa. Lakini hakina njia ya kumfuata mtu mmoja kutoka zahanati hii kwenda kituo kile na kisha Ligula, na ukuta wa duka la dawa hakiuvuki. Kitu alichokinunua nje, nauli, kibarua wa palizi, hakina safu.

Kadi ya bima nayo hufunika zaidi ya inavyofunua. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ule wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita ulioanza mwaka 2018, uliwapa wengi wa vijijini kadi yao ya kwanza. Mwenye kadi akienda zahanati na kuulizwa baadaye alilipa kiasi gani, atajibu sifuri, na ni kweli. Ila dawa ikiwa haipo siku hiyo, ataandikiwa karatasi akanunue dukani, na akilini mwake hilo limeshakuwa jambo la duka, halimo tena kwenye "matibabu". Vivyo hivyo kwa mzee wa zaidi ya miaka 60 mwenye msamaha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kadi zinavyozidi ndivyo sifuri za aina hii zitakavyozidi. Tukijipima kwa sifuri tu, tutajipongeza mapema.

Kuna rekodi moja ninayoiona imedharauliwa: daftari. Katika zahanati nyingi za vijijini mgonjwa huja na kijidaftari chake cha shule, tabibu huandika humo, na mgonjwa huondoka nacho. Ndicho kitu pekee kinachotembea na mgonjwa ngazi zote. Kifungue utaona mwandiko wa watu watano tofauti, tarehe, kipimo cha choo na majibu yake, Flagyl, Flagyl tena, dawa ya minyoo, na pembeni hesabu za hisabati za mtoto aliyekosa karatasi. Mdadisi akisema tu, "Mama, hebu leta daftari lako tuangalie pamoja," mazungumzo hubadilika. Tarehe moja huvuta nyingine. Gharama haimo, lakini mbele ya tarehe mama anajikuta anasema: siku hii ndiyo niliyokopa. Kasoro yake inajulikana kwa kila mtu aliyewahi kuishi kijijini. Likijaa hununuliwa jipya, na la zamani hufungiwa karanga.

Njia nyingine ni kuandika kila siku. Hapa Tanzania tuna jaribio la kujivunia, na halizungumzwi inavyostahili. Mwaka 2007 na 2008 watafiti, akiwemo Kathleen Beegle wa Benki ya Dunia na Joachim De Weerdt aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kagera, walichukua kaya 4,000 katika wilaya saba na kuzigawa kwa kura kwenye mitindo minane ya kuulizwa matumizi. Wengine waliulizwa kwa kumbukumbu, kwa vipindi na orodha tofauti. Wengine wakaandika shajara, ya kaya nzima au ya kila mtu peke yake. Shajara ya mtu mmoja mmoja, yenye usimamizi wa karibu, ndiyo iliyofanywa kipimo cha wengine. Nchi moja, kipindi kimoja, na bado umaskini ulipanda na kushuka kulingana na dodoso ulilopewa. Walikuwa wanapima zaidi chakula, siyo matibabu, lakini funzo la shajara ya mtu binafsi linafika mpaka kwenye dawa. Mkuu wa kaya hajui kila sarafu inayotoka nyumbani. Na sarafu za tumbo ndizo hutoka kimyakimya kuliko zote.

Maana kuna aibu. Kikohozi kinaongelewa hadharani, mguu unaonyeshwa. Damu kwenye haja kubwa haitajwi mbele ya mkwe, wala mbele ya kijana wa umri wa mwanao aliyekuja na kishikwambi, na mwenyekiti wa kitongoji aliyemsindikiza amekaa palepale akisubiri kumpeleka nyumba ya pili. Mgonjwa atasema tumbo, akiishia hapo. Mganga hatatajwa kabisa, hasa kama ndiye aliyelipwa zaidi. Upande wa pili kuna matumaini: tangu mfuko wa TASAF ulipoanza kutoa ruzuku kwa kaya maskini, mgeni yeyote mwenye orodha ya maswali huhisiwa anaandikisha watu. Hapo magonjwa hukumbukwa ghafla na mapato husahauliwa. Sioni ubaya wake. Na mimi ningefanya hivyo. Lakini mchambuzi aliyekaa Dodoma na faili lake hana namna ya kujua ni nyumba ipi ilijibu kwa aibu na ipi kwa matumaini.

Ukitaka kuuliza vizuri Mpapura, achana kwanza na "wiki nne". Hakuna anayeishi kwa wiki nne. Watu wanaishi kwa palizi, kwa kupulizia mikorosho salfa, kwa unyago wa mjukuu, kwa mnada wa kwanza wa korosho. Matukio makubwa nayo ni vigingi: vurugu za gesi za 2013, tahadhari ya kimbunga Kenneth mwezi Aprili 2019. "Kabla ya mnada au baada?" ni swali ambalo mama atalijibu bila kukunja uso. Rudi mara ya pili, na uulize "tangu nilipokuja", ili ile safari ya Ligula isivutwe ndani. Taja vitu kimoja kimoja, duka, mzizi, bodaboda, kibarua, msindikizaji, badala ya kuomba jumla. Na mpeleke mwanamke kwa mwanamke. Hayo yote ni ghali kwa fedha na kwa muda, na ofisi za takwimu hazifanyi uvivu zinapoyaepuka. Maswali ni mengi na bajeti ni moja.

Msimu wenyewe ni mtego mwingine. Malipo ya korosho huanza kuingia baada ya minada ya Oktoba, na wengi huahirisha tumbo mpaka hapo. Ukiuliza wiki nne za Novemba ukazidisha kwa kumi na tatu, umeipa kaya gharama ambayo haikuwahi kuwa nayo. Ukiuliza Machi, umeifuta. Utafiti wa kufuatilia kaya husambaza wadadisi wake mwaka mzima kwa sababu hiyo, na wastani wa taifa huokoka. Nyumba moja moja haiokoki.

Na kuna gharama ambayo hata mdadisi mwenye subira zote hataipata, kwa sababu mama mwenyewe haihesabu kama ya tumbo. Tuirudie ile safari ya Ligula. Ilikuwa Agosti, mikorosho ina maua, nyumbani hakuna kitu. Alipata shilingi 60,000 kwa mtu wa kangomba, biashara ile ya kununua korosho kwa bei ya chini nje ya ushirika, ambayo serikali imeipiga vita miaka nenda rudi. Walikubaliana alipe kwa korosho zikiiva, kilo moja kwa 1,500. Kilo 40. Tuchukue bei ya msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo: zile kilo 40 zilikuwa na thamani ya shilingi 132,000. Safari ya kupima choo ilimgharimu elfu 60 alizozitoa na elfu 72 nyingine ambazo hazikuwahi kupita mkononi mwake.

Akiulizwa alitumia kiasi gani Ligula, atasema elfu sitini, na atakuwa amekumbuka sawasawa. Zile kilo 40 zitatokea kwenye sehemu ya kilimo ya dodoso, kurasa nyingi mbele, katika safu ya mazao yaliyouzwa, na mchambuzi wa masoko ataona mkulima aliyekubali bei mbovu.